Nati Iliyogoma na Skrubu Iliyozama: Zana za Mkono kwenye Gari la Kale

Bolti ya kwanza niliyoikata kwenye MG TD yangu, gari dogo la Uingereza la miaka ya 1950, niliikata kwa spana ya upepo. Ilikuwa bolti ya bomba la moshi, imeliwa na kutu miaka mingi, nami nilikuwa na haraka. Mlio mmoja tu, kichwa kikaanguka sakafuni, mwili wake ukabaki ndani ya chuma. Kuutoa kulinigharimu siku mbili za kutoboa taratibu. Tangu hapo, kila kinachofunguliwa kwenye gari la kale nakifungua kwa mkono, kwa sababu mkono huhisi bolti ikianza kujinyonga, yaani kujisokota kabla ya kukatika, na bado una nafasi ya kuacha.

Anza na vipimo. Magari mengi ya Uingereza ya enzi hizo yana vichwa vya Whitworth, kipimo kilichobuniwa na Joseph Whitworth mwaka 1841. Spana zake huandikwa unene wa bolti, si upana wa kichwa. Ile iliyoandikwa 1/4 W ina mdomo wa milimita 13.3 hivi. Spana ya 13 haiingii. Ya 14 inaingia lakini inacheza, na kucheza huko ndiko kunakolamba pembe za nati hadi iwe duara. Tafuta seti ya Whitworth, hata iliyotumika, kabla hujagusa gari.

MG TD, iliyotengenezwa kati ya 1950 na 1953, ina mtego mwingine. Injini yake, XPAG, ina bolti zenye vichwa vya Whitworth lakini nyuzi zake, yale meno yanayoizunguka bolti, ni za milimita. Asili yake ni kiwanda cha kampuni ya Kifaransa ya Hotchkiss kilichokuwa Coventry, Uingereza, ambacho mtengenezaji magari William Morris alikinunua mwaka 1923. Mashine zake zilikuwa za vipimo vya Kifaransa, na nyuzi hizo zikaendelea kutumika. Bolti yake ya milimita 8 ina hatua ya milimita 1 kati ya jino na jino, wakati ya kawaida siku hizi ina 1.25. Ukiichomeka ya kisasa itazunguka mara mbili hivi, kisha ikaze. Ukidhani ni kutu na kuongeza nguvu, umechana nyuzi za injini. Weka mfukoni geji ya nyuzi, ile yenye visahani vya meno, na ipime kila bolti kabla ya kuirudisha.

Sasa nati yenyewe. Sugua kutu kwa brashi ya waya mpaka uone nyuzi zinazochomoza. Tia mafuta ya kupenya jioni, tia tena asubuhi. Weka kipande cha shaba juu ya kichwa na ukigonge kwa nyundo, mapigo mafupi yasiyo makali. Mtikisiko ndio unaoyapeleka mafuta ndani. Tumia spana ya pete, kwa kuwa hushika pembe zote, na vuta kuja kwako badala ya kusukuma, ili ikiteleza usivunje vidole. Jaribu kwanza kuikaza kidogo mno, ndipo ulegeze.

Hapo sikiliza. Kutu ikiachia, utasikia mlio mkavu, kama kijiti kikivunjika, na spana itaruka kidogo. Huo ni mlio mzuri. Lakini spana ikisogea polepole, laini, kama unakunja mpira mgumu, simama papo hapo: nati haijasogea, ni bolti inayojinyonga. Rudi kwenye mafuta, au pasha moto nati, mbali na tangi na mabomba ya petroli. Ikishaanza kutoka, legeza robo mzunguko, rudisha nusu ya hapo, tia mafuta, endelea. Nati moja inaweza kula saa nzima, na saa hiyo inastahili.

Bodi ya gari hili ni bati lililofungwa kwenye fremu ya mbao, kwa hiyo utakutana na skrubu za kufungia mbao, za mfereji mmoja, zilizozama na kushikana na mti. Kwanza safisha mfereji kwa ncha ya kisu. Kisha chonga bisibisi kwa tupa mpaka ncha yake iujaze mfereji kwa upana na kwa unene, mashavu yake yakiwa sambamba. Bisibisi iliyochongoka kama kabari hujiinua yenyewe na kuung'oa mfereji. Halafu tumia keekee ya seremala, ile ya mkono yenye mpini uliopinda, ukiifunga ncha ya bisibisi badala ya kichwa cha kutobolea. Kandamiza kitasa cha juu kwa kifua, zungusha mpini nusu duara. Nguvu yake ni kubwa kuliko mtu anavyotarajia, na bado unaidhibiti. Skrubu ikigoma, kandamiza juu yake chuma kilichopashwa moto kwa sekunde chache. Chuma cha skrubu hupanuka, kikipoa kinaachana na mbao. Ukiona moshi, ondoa.

Kwenye mudigadi zilizobonyea, nyundo na doli, kile kipande kizito cha chuma kinachoshikwa nyuma ya bati, hutosha. Anzia ukingoni mwa bonde, si katikati. Shika doli chini ya sehemu iliyozama na ugonge kando yake, palipoinuka. Ukigonga juu ya doli kwa nguvu bati hutanuka likawa jembamba na refu, na kulirudisha ni kazi nyingine kabisa. Pitisha tupa ya bati kwa wepesi: palipong'aa pameinuka, palipobaki na weusi bado pamezama.

Kuhusu breki: vitambaa vya breki vya zamani, vile vinavyosugua ngoma, mara nyingi vina asbesto, madini ambayo vumbi lake hudhuru mapafu. Usipulize vumbi hilo kwa upepo wala kulifagia kavu. Lilowanishe, lipanguse kwa kitambaa, kitie kitambaa hicho kwenye mfuko uliofungwa, na vaa barakoa inayofaa muda wote.

Skrubu za mbao zikirudi mahali pake, zipake nta kwanza. Za injini zipake grisi ya shaba, lakini zile za silinda hedi, kifuniko cha juu cha injini, ziache kama kitabu cha gari kinavyoagiza, kwa sababu grisi hubadilisha kipimo cha kukaza.