Kupima vizibo vya masikio kwa mlipuko wa maabara

Spika ya kawaida haiiwezi kazi ya kupima jinsi vizibo vinavyozuia mlio wa bunduki. Mlio wa bunduki hufika kileleni ghafla mno, nayo spika haina nguvu ya kuufuata. Sisi hutumia bomba la mshtuko.

1. Bana utando wa plastiki kati ya chumba cha hewa iliyoshindiliwa na bomba lililo wazi mbele. Ongeza hewa mpaka utando upasuke. Kabla ya hapo, toa watu wote chumbani, nawe uvae vizibo na vifuniko vya masikio kwa pamoja. Hili sina mjadala nalo.

2. Panga ngazi tatu za kilele zinazotakiwa na kanuni ya Marekani, ANSI/ASA S12.42: takriban desibeli 132, 150 na 168. Ya chini ni kama paskali 80, ya juu ni paskali 5,000. Kubadili ngazi, badili unene wa utando au umbali. Usiridhike na ngazi moja: vizibo vyenye kitundu chembamba huzuia zaidi kadiri mlipuko unavyokua, kwa hiyo namba ya ngazi moja inaweza kumpotosha askari anayeitegemea.

3. Andaa kichwa bandia chenye maikrofoni ndani ya masikio. Hapa usiwe na haraka. Mifereji ya masikio yake ipashe moto mpaka ikaribie joto la mwili, nyuzi 37. Niliwahi kupoteza siku nzima kwa kupima vizibo vya sponji kwenye kichwa cha baridi. Vilibaki vigumu, havikukaa vizuri, na sauti ikapenya pembeni. Kisha ziba masikio hayo kwa vyuma na ufyatue. Kinachosikika ndani kimepita kwenye kichwa chenyewe, na lazima kiwe kidogo sana kuliko kile kitakachopenya kizibo.

4. Weka kihisi cha shinikizo kando ya kichwa, kwa umbali uleule kutoka mdomo wa bomba. Rekodi sampuli 192,000 kwa sekunde. Ukipunguza sana, kilele kinakatika.

5. Fyatua masikio yakiwa wazi, kisha yakiwa yamezibwa. Kila mara chomoa kizibo ukivike upya, maana uvaaji hubadilisha matokeo kuliko wengi wanavyodhani.

6. Milipuko miwili haifanani kamwe. Kwa hiyo tumia vipimo vya masikio wazi kupata uhusiano wa kihisi na sikio, kisha kadiria kilele ambacho sikio wazi lingepata kwenye mlipuko uleule uliopimwa yakiwa yamezibwa. Kutoka kwenye kadirio hilo, toa kilele kilichopimwa nyuma ya kizibo; tofauti hiyo ndiyo kiasi ambacho kizibo kimezuia. Andika jibu la kila ngazi peke yake, usiyachanganye kuwa wastani.