Mambo ya kuweka sawa kabla baridi ya Uswidi haijabana, hasa kama una ADHD

Nyumbani mgao tuliuzoea, umeme ukikatika mtaa mzima unaguna, mtu anapapasa kibatari, ukirudi watoto wanapiga kelele "umerudiii!" na maisha yanaendelea. Huku Uswidi (siyo Uswisi jamani, hao ni wengine) umeme haukatikikatiki hovyo na kwangu hapo ndo penye tatizo, kwa sababu kila kitu kimeegemea soketi na mimi mwenye ADHD (ile hali ya ubongo inayofanya umakini na kumbukumbu vikutoroke) nimeegemea kuliko wenzangu, alamu ya kuamka, alamu ya dawa, alamu ya kunikumbusha niliweka alamu, na ile taa ya asubuhi ya kunitoa kitandani maana Desemba hapa Malmö jua linazama kabla ya saa kumi jioni. Simu ikizima na mimi nimezima.

Tuelewane kwanza shida ya umeme ya hawa watu iko wapi. Mabwawa makubwa yako kwenye mito ya kaskazini, watu wengi wako kusini, na nyaya za kuushusha huo umeme huku chini kuna wakati hazitoshi. Tangu Novemba 2011 nchi imekatwa kanda 4 za bei, sisi wa Malmö tuko kanda ya 4, chini kabisa, na mara nyingi sisi ndo tunaumia. Nyuklia tulikuwa nayo jirani hapo Barsebäck, kinu kimoja kikazimwa 1999 na cha pili 2005. Kwa hiyo baridi ikikaza na upepo ukalala, bei inaruka. Afu kuna dhoruba, ile ya Januari 2005 waliyoiita Gudrun iliangusha misitu juu ya nyaya, mamia ya maelfu ya nyumba zikakosa umeme, vijijini wengine walikaa hivyo wiki kadhaa.

Cha kumaliza mapema kabisa, mwezi wa tisa hivi, ni mkataba wa umeme. Tangu Oktoba 2025 bei ya soko inabadilika kila robo saa. Robo saa! Mimi ambaye naweka maji ya chai nakuja kukuta sufuria imekauka, leo nipangie oveni kwa robo saa? Nilijaribu mkataba wa kufuata bei, nafungua simu niangalie saa za nafuu, nikija kushtuka saa nzima imepita nasoma habari za pweza. Nikahamia bei moja ya kudumu. Ukipiga hesabu inawezekana nalipa zaidi kidogo, sawa, nalipia utulivu.

Sasa jiko, na hapa ndo nataka unisikilize vizuri. Jioni moja ya Januari nilikuwa napika wali, umeme ukakatika jengo zima. Nikatoka kwenye korido kuuliza majirani, stori zikanoga, nikarudi ndani nikajilaza na koti langu. Kitufe cha jiko sikukizima, kwa nini nikizime wakati jiko limezimika lenyewe? Na sufuria nilishaitoa, pale juu nikaweka beseni la plastiki. Saa nane usiku umeme ukarudi, mimi nimelala fofofo, king'ora cha moshi ndo kiliniamsha. Beseni lilikuwa limeshuka kama uji. Tangu siku hiyo giza likiingia kitu cha kwanza mkono unaenda kwenye vitufe, hata kama nina uhakika sijapika, kisha nikanunua kile kifaa kinachozima jiko chenyewe likiachwa peke yake. Mishumaa nimeitoa nyumbani kabisa. Tochi ya kuvaa kichwani inatosha, ukiiacha inawaka hasara ni betri.

Dawa nayo. Nyingi za ADHD ni dawa zinazodhibitiwa, huwezi kujiwekea akiba ya miezi, na cheti cha daktari cha kuchukulia dawa kiko kwenye mfumo wa kompyuta, kwa hiyo usisubiri kidonge cha mwisho ndo ukumbuke duka la dawa. Kachukue mara tu unaporuhusiwa. Muulize pia daktari ufanye nini ukikosa siku mbili tatu, muulize mapema ukiwa umetulia.

Serikali Novemba 2024 ilituma kijitabu nyumba kwa nyumba, wanataka uweze kujitegemea wiki nzima. Kichwa cha ADHD kikiona orodha ndefu hivyo, ama kinanunua kila kitu usiku huohuo ama kinakiweka kijitabu juu ya friji mpaka kesho isiyofika. Mimi nilifanya vyote viwili. Nilinunua pawabenki 3, umeme ulipokatika zote hazikuwa na chaji, na moja niliikuta ndani ya friji pembeni ya maziwa. Siku hizi ipo moja tu, inakaa kwenye chaja mlangoni, chini ya ndoano ya funguo. Hapohapo pana redio ya betri (habari za dharura ni P4, idhaa ya redio ya taifa), noti kidogo maana kadi na Swish, yale malipo ya simu ya huku, havina msaada kukiwa giza, na saa ya ukutani ya betri. Maji niliweka chini ya kitanda, lita 3 kwa mtu kwa siku, nikikanyaga chupa nakumbuka yapo.

La mwisho tafuta mtu wa kukugongea. Mimi nimekubaliana na bibi wa ghorofa ya juu, umeme ukikatika anashuka kuniuliza jiko nimezima, namimi namshikia tochi kwenye ngazi. Wiki iliyopita akaja bila umeme kukatika, eti tufanye mazoezi. Nikacheka, nikaenda jikoni kumwonyesha, na jiko lilikuwa linawaka.