SOMO: Kununua mahindi ya familia wakati wa mavuno, na majibu ya maswali yenu

Kila mwaka ikifika Desemba na unga ukianza kupanda, napokea ujumbe uleule: "Mama, nyie wenzetu mnafanyaje?" Nimejibu mmoja mmoja vya kutosha. Leo naweka yote hapa, na naweka sasa mwezi wa tano, kwa sababu Desemba huna cha kufanya zaidi ya kulipa bei utakayoikuta.

Msimamo wangu ni huu: kubana matumizi ya kila siku pale dukani hakukuvushi mbali. Anayenunua unga kilo moja moja ndiye anayelipa ghali kuliko wote mtaani, na mara nyingi ndiye mwenye kipato kidogo kuliko wote. Hamisha manunuzi ya nafaka yaangukie wakati wa mavuno, kisha linda ulichonunua kisiharibike. Hayo mengine ni nyongeza.

Hatua ya 1: Jua mnakula kiasi gani. Usikisie. Ukifungua kiroba cha unga andika tarehe juu yake kwa kalamu, kikiisha andika nyingine. Fanya hivyo kwa viroba vitatu vinne, utapata hesabu yenu wenyewe. Familia ya watu watano wanaopika ugali mara moja kwa siku wengi huangukia kwenye kilo moja na robo hivi, yaani kama kilo 38 kwa mwezi. Lakini hesabu ya nyumba yenye vijana wa sekondari si sawa na ya nyumba yenye watoto wa chekechea.

Hatua ya 2: Tafuta wenzako. Nyumba nne au tano zinazoaminiana. Mchange kidogo kidogo kuanzia sasa, awepo mtu mmoja wa kutunza na mwingine wa kuandika, wasiwe wa nyumba moja. Msichukue mkopo wa kausha damu kwa ajili ya mahindi. Riba itakula nafuu yote na zaidi.

Hatua ya 3: Nunua kati ya mwezi wa saba na wa nane. Hapo mzigo wa Rukwa, Ruvuma, Songwe, Mbeya, Iringa na Njombe unakuwa unaingia mjini. Walioko Dar wanakwenda Tandale. Walioko kanda ya kati wana soko la Kibaigwa pale Kongwa. Mwenye ndugu mkulima aanze kwa ndugu yake, amlipe bei ya haki.

Nunua kwa kilo kwenye mizani, msinunue "gunia". Sheria inataka gunia lisizidi kilo 100, lakini kijijini mkulima anashindiliwa lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, na mzigo ukifika mjini gunia hilohilo linapunguzwa. Mizani ndiyo inawalinda nyote wawili.

Hatua ya 4: Pima ukavu. Hapa naomba msome polepole.

Mwaka mmoja kundi letu lilipokea mzigo ulionyeshewa njiani. Juu ulikuwa umekauka, ukishika unasikia mkavu kabisa, tukaufunga kwenye mifuko siku ileile. Tulipofungua mwezi wa kumi na moja mahindi yalikuwa yameshikana mabonge, yananuka uchachu, na kwenye kiini cha punje kuna ukungu wa kijani. Yote yalitupwa. Tangu hapo hakuna gunia linalofungwa bila kipimo hiki:

Chukua chumvi, ikaushe kwanza kwenye kikaango au juani, maana chumvi yenyewe ikiwa na unyevu itakudanganya. Chukua chupa ya glasi kavu yenye mfuniko. Tia mahindi mpaka theluthi ya chupa, weka vijiko viwili vya chumvi, funga, tikisa kwa dakika moja, kisha iache itulie robo saa. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, mahindi bado mabichi, unyevu umezidi asilimia 15. Ikiporomoka yote chini, umevuka hapo, ila usishangilie bado: kwa kuhifadhi miezi mingi unataka karibu asilimia 13, kwa hiyo anika tena siku moja au mbili za jua kali.

Chota sampuli katikati na chini ya gunia, si mdomoni tu. Anika juu ya turubai, kamwe si kwenye udongo. Tandaza tabaka jembamba, geuza mara kwa mara, ingiza ndani kabla ya umande.

Kisha chambua. Punje yenye ukungu, iliyobadilika rangi, iliyosinyaa au kutobolewa, toa. Ukungu ndio unaoleta sumukuvu, na sumukuvu haitoki kwa kupika wala kwa kusaga. Mwaka 2016 iliua watu 20 mikoa ya Dodoma na Manyara, na chanzo kilikuwa mahindi ya nyumbani kwao. Usiwape kuku punje hizo ukidhani umeokoa hela.

Hatua ya 5: Funga. Tumia mifuko ya tabaka tatu: miwili ya nailoni ndani, mmoja wa kiroba nje. Jaza ule wa ndani, sukuma hewa itoke, sokota shingo, ikunje, funga kwa kamba. Halafu wa pili peke yake, halafu wa nje. Wengi wanafunga yote mitatu kwa kamba moja, na hapo umefunga bure. Panga juu ya chaga au mbao, mbali kidogo na ukuta, na ziba njia za panya. Chukua ya kilo 50 badala ya 100, maana kila ukifungua unaingiza hewa.

Hatua ya 6: Saga kidogo kidogo. Dona la wiki mbili linatosha. Kiini cha punje kina mafuta, likikaa sana linachacha na kuwa chungu.

Hatua ya 7: Maharage ni hivyohivyo. Ila yakikaa mwaka yanakuwa magumu kuiva, nunua ya miezi sita tu na uyaloweke usiku.

MASWALI

Mpambanaji: Somo zuri mama. Gunia sh ngapi?

Jibu: Nikikutajia bei ya leo, kesho utanidai. Uliza sokoni, wauzaji watatu tofauti, wiki utakayonunua.

Baba Mapacha: Refu sana, fupisha.

Jibu: Soma hatua ya 4. Ukiiruka hiyo, usinunue.

Mdau Huru: Haya ni mambo ya wenye hela. Mtu wa kibarua atatoa wapi hela ya gunia kwa mkupuo?

Jibu: Hatua ya 2 imeandikwa kwa ajili yake. Katika kundi letu kuna mama anayeuza vitumbua na mwingine anayefua nguo za watu. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuwa na hela ya gunia kwa mkupuo. Walianza kuchanga Februari. Kama huna uwezo wa gunia, chukua debe mbili. Bei ya debe msimu wa mavuno bado ni nafuu kuliko unga wa kupimiwa Januari.

Mpangaji wa Mbagala: Shikamoo mama. Mimi na mke wangu na mtoto tuko chumba kimoja. Gunia halina pa kukaa. Kuna njia?

Jibu: Marahaba mwanangu. Ipo, na ni nzuri sana. Chukua madumu ya plastiki ya lita 20 yenye mfuniko wa kuzungusha. Yawe yalikuwa na maji au mafuta ya kula, kamwe si ya petroli wala dawa ya shamba. Osha kwa sabuni, anika yakauke kabisa ndani, jaza mahindi makavu mpaka shingoni, kaza mfuniko. Dumu moja linaingia kama kilo 15, linakaa chini ya kitanda, na panya haoni ndani. Kukiwa na wadudu hewa ikiisha wanakufa. Ukila dumu moja, mengine yanabaki yamefungwa, na hilo ni bora hata kuliko gunia.

Mwanafunzi wa Kilimo: Mama, naomba kuelewa. Dumuzi anatoboa hadi mbao, inakuwaje afe kwenye mfuko bila dawa?

Jibu: Swali hili nalipenda. Mdudu anapumua kama sisi. Ndani ya mfuko uliofungwa vizuri, yeye na wenzake wanamaliza oksijeni na kujaza hewa chafu. Oksijeni ikishuka anaacha kula, hazai, mwishowe anakauka na kufa. Ndiyo maana nasisitiza kusukuma hewa na kufunga kila mfuko peke yake. Uko sahihi kumhofia dumuzi, huyu wengine wanaita Skania. Hakuwa wa huku, asili yake ni Amerika ya Kati, na kwa Afrika alionekana kwanza Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970. Anaweza kutoboa nailoni akikaa pembeni, kwa hiyo kagua mifuko kabla ya kutumia: ijaze hewa, iminye, sikiliza kama inapumua.

Kaka Mkubwa: Kuna vidonge vya sumu vinauzwa kimoja kimoja sokoni. Natupia kimoja kwenye gunia ndani, kazi imeisha.

Jibu: HAPANA. Vidonge vile vinatoa gesi inayoua watu, haichagui panya na mtoto. Si vya nyumba wanamolala watu. Kama umeshaviweka, toa watu wote nje sasa hivi, fungua milango na madirisha ukiweza kufanya hivyo bila kukaa ndani, na mwite mtaalamu wa kilimo wa kata. Usilirudie gunia hilo mwenyewe.

Kaka Mkubwa: Jirani anatumia miaka yote hajafa.

Jibu: Nimeshakujibu. Watu wa nyumbani kwako wana haki ya kuamka kesho.

Msomaji wa Nakuru: Mimi niko Kenya. Huku tunapima kwa gorogoro na gunia letu ni kilo 90. Hatua zako zitanifaa?

Jibu: Karibu sana. Kipimo cha chumvi na namna ya kufunga ni vilevile. Ila miezi usifuate yangu. Mavuno makubwa ya Trans Nzoia na Uasin Gishu yanaanza karibu Oktoba kwenda mwisho wa mwaka, subiri hapo. Na sumukuvu msiidharau, mwaka 2004 iliua watu 125 upande wa Makueni na Kitui.

Msomaji wa Nakuru: Asante mama. Nami niongeze: sisi mahindi mengine hatusagi, tunapika githeri na maharagwe. Unaloweka usiku, unachemsha sufuria kubwa mara moja, unakula siku mbili. Makaa unayookoa ni mengi.

Jibu: Hilo ni la dhahabu. Huku ni makande, na watoto wakiwekewa nazi hawaulizi nyama.

Mama Wawili: Dada, nikipeleka kukoboa mashineni sembe yangu inachacha baada ya wiki. Nanunua mahindi makavu kabisa. Wananibadilishia?

Jibu: Huenda hawakubadilishii. Kabla ya kukoboa mahindi hulowanishwa kidogo ili ganda litoke, na unyevu huo unabaki kwenye unga. Ukifika nyumbani usifunge. Tandaza unga juu ya kitambaa safi juani mpaka ukiubana kiganjani haushikani, uache upoe, ndipo uweke kwenye ndoo. Kuhusu kubadilishiwa, pima mahindi kabla na pima unga na pumba baada, ukiwa umesimama palepale. Pumba ni zako, zidai. Mfugaji wa kuku jirani atazinunua.