Dawa Mpya ya Mikorosho Imefanya Kazi Kweli? Namna ya Kusoma Matokeo ya Shamba Darasa

Kila mwaka mikorosho inapoanza kuchanua, kati ya Juni na Agosti, wakulima wa Tandahimba, Newala, Masasi na Ruangwa huletewa habari za dawa mpya ya ubwiriunga (ugonjwa wa ukungu unaoharibu maua ya mikorosho), mbolea ya majani au kichocheo cha maua ambacho, kwa maelezo ya anayekiuza, kimemwongezea mtu fulani mavuno mara mbili. Mkulima hana haja ya kubishana na msimuliaji, kwa kuwa huenda mavuno hayo yaliongezeka kweli. Anachopaswa kuuliza ni kama yangeongezeka hata kama dawa hiyo isingepulizwa kabisa. Swali hilo ndilo msingi wa elimu ya kupima nadharia tete, yaani dhana ambayo bado haijathibitishwa, na vikundi vya mashamba darasa katika mikoa yetu ya Mtwara na Lindi vina uwezo wa kulijibu vizuri endapo vitapanga jaribio kabla ya msimu, badala ya kutafuta maelezo baada ya korosho kufika ghalani.

Njia zenyewe zilizaliwa shambani. Ronald Fisher, mwanatakwimu aliyeanza kazi mwaka 1919 katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted nchini Uingereza, alikuta kumbukumbu za miaka mingi za mbolea na mavuno ya ngano, akaunda taratibu za kutenganisha kile kilicholetwa na mbolea na kile kilicholetwa na udongo, mvua na bahati. Kuanzia mwaka 1925 alieneza matumizi ya asilimia 5 kama mpaka unaofaa wa kuamua kwamba matokeo si ya kubahatisha tu. Miaka michache baadaye, mwaka 1933, wanatakwimu Jerzy Neyman na Egon Pearson walieleza kwa utaratibu kwamba mwenye kuamua anaweza kukosea kwa njia mbili tofauti, na kwamba kila njia ina gharama yake. Vituo vya utafiti hutumia taratibu hizi kila siku, na hapa kwetu TARI Naliendele, kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania kinachoshughulikia korosho, ni mfano wa karibu. Mkulima naye akizielewa atanufaika katika maamuzi yake madogo ya msimu.

Tuanze na jambo ambalo kila mwenye shamba analifahamu. Ekari moja ya mikorosho iliyopandwa kwa nafasi ya mita 12 kwa 12 ina miti kama 28, na miti hiyo haizai sawa hata ikitunzwa sawa. Mkorosho ulio karibu na nyumba hupata majivu na mabaki ya jikoni. Ulio pembezoni mwa pori unaweza kushambuliwa zaidi na mbu wa mikorosho. Usiopogolewa, wenye matawi yaliyosongamana, huhifadhi unyevunyevu wa asubuhi ambao ubwiriunga huupenda. Na kama miti ilitokana na mbegu badala ya miche ya kubebesha, kila mmoja una tabia yake ya kuzaa. Kwa hiyo ukigawa shamba mapande mawili na kuyapulizia dawa ileile, siku ya kupima mzani hautatoa kilo zinazolingana. Tofauti ya namna hiyo haitokani na dawa yoyote, nayo ndiyo inayotudanganya tunapolinganisha shamba moja na jingine kwa macho.

Ndiyo maana tunaanza kwa kudhani kwamba dawa mpya haina tofauti na ile tuliyoizoea. Dhana hiyo huitwa nadharia tete sifuri. Kisha tunauliza: ikiwa dhana hiyo ni ya kweli, matokeo kama haya tuliyoyapata, au yanayoipendelea dawa mpya zaidi ya haya, yangetokea mara ngapi kwa bahati tu? Jibu la swali hilo ndilo thamani ya p.

Tuseme kikundi kina wakulima 10, na kila mmoja ametenga vipande viwili vya shamba lake vinavyofanana kwa umri wa miti, upogoleaji na palizi. Sarafu inarushwa mbele ya wote kuamua ni kipande kipi kitapata dawa mpya, na kingine kinabaki na salfa, dawa ya ubwiriunga tuliyoizoea. Baada ya mavuno tunahesabu ni katika mashamba mangapi dawa mpya imetoa kilo nyingi zaidi. Kama dawa hizo hazina tofauti yoyote, ushindi katika kila shamba ni sawa na sarafu kuangukia upande mmoja, na mashamba 10 yanaweza kutoa mipangilio 1,024 ya kushinda na kushindwa, yote ikiwa na nafasi sawa ya kutokea. Mpangilio wa dawa mpya kushinda mashamba yote 10 ni mmoja tu, na ya kushinda mashamba 9 ni 10, hivyo kushinda mashamba 9 au zaidi kwa bahati hutokea mara 11 katika 1,024, yaani zaidi kidogo ya asilimia 1. Ukijumlisha mipangilio 45 ya kushinda mashamba 8, jumla inakuwa 56, sawa na asilimia 5.5 hivi. Kikundi kilichokubaliana tangu mwanzo kutumia mpaka wa asilimia 5 kitatangaza kwamba dawa mpya ni bora ikishinda mashamba 9 au 10, na hakitatangaza hivyo ikishinda 8. Hata hivyo, mpaka huo ni makubaliano ya watu, na ushahidi wa mashamba 8 si wa kutupwa. Ni dhaifu kidogo kuliko tulivyotaka, na unatosha kutushawishi kurudia jaribio.

Kosa la aina ya kwanza ni kuikubali dawa ambayo kwa kweli haina tofauti, kwa sababu bahati imeipendelea. Kosa la aina ya pili ni kuikataa dawa ambayo ni bora kweli, kwa sababu jaribio letu lilikuwa dogo mno kuuona ubora wake. Hili la pili ndilo linalonisumbua zaidi katika kazi ya ugani, kwa kuwa halipigi kelele: mkulima aliyenunua dawa isiyofaa ataona hasara yake na kulalamika, lakini aliyeacha dawa nzuri hatajua kamwe alichokikosa.

Hesabu inaonyesha ukubwa wa tatizo. Tuseme dawa mpya ni bora kiasi cha kushinda katika mashamba 7 kati ya kila 10 kwa wastani, ubora ambao mkulima yeyote angeutaka. Kikundi chetu cha mashamba 10, kwa kanuni ya kudai ushindi wa mashamba 9, kina uwezekano wa takriban asilimia 15 tu wa kuugundua ubora huo, na mara 85 katika 100 kitaondoka kikisema hakuna tofauti iliyoonekana. Vikundi vinne vikiungana na kufanya jaribio lilelile katika mashamba 40, kanuni inayolingana na mpaka wa asilimia 5 inakuwa kushinda mashamba 26 au zaidi, na uwezekano wa kuigundua dawa hiyohiyo unapanda hadi karibu asilimia 80. Uwezekano huo huitwa nguvu ya jaribio. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba dawa fulani ilijaribiwa mahali na haikuonyesha tofauti, muulize kwanza ilijaribiwa katika mashamba mangapi. Kutoiona tofauti katika jaribio dogo hakuthibitishi kwamba tofauti haipo, na sentensi ya haki ya kuandika katika ripoti ya kikundi ni kwamba jaribio halikutosha kuamua.

Ni kosa lipi la kuogopa zaidi? Hilo haliamuliwi na hesabu, huamuliwa na hasara inayofuata. Kichocheo cha maua cha bei kubwa, kinachotakiwa kununuliwa kila msimu, kinastahili ushahidi mkali, kwa maana kukikubali kimakosa ni kumtoza mkulima fedha mwaka baada ya mwaka. Mnyauko fusari ni habari nyingine kabisa, kwa kuwa vimelea vyake hukaa ardhini na mti ulioathirika hufa: tunapochunguza kama ugonjwa umeingia kijijini, ni afadhali kushuku miti michache isiyo na ugonjwa na kuita wataalamu pasipo sababu, kuliko kungoja uthibitisho wa asilimia 5 huku udongo ukihamishwa kwa majembe kutoka shamba hadi shamba. Na Nachingwea, hapa mkoani Lindi, inatukumbusha gharama ya kuruka hatua ya majaribio, kwani mpango wa karanga wa Waingereza ulioanza mwaka 1947 uliingiza matrekta na kufyeka mapori makubwa kabla udongo na mvua za maeneo hayo hazijajaribiwa vya kutosha, na mwaka 1951 ukaachwa kwa hasara ya mamilioni ya pauni.

Matokeo yakivuka mpaka, huelezwa kuwa yana maana kitakwimu, na hapo wengi hudhani kwamba faida ni kubwa. Sivyo. Chama cha Takwimu cha Marekani kilitoa tamko mwaka 2016 kikionya kwamba thamani ya p haipimi ukubwa wa athari wala uwezekano wa nadharia yenyewe kuwa ya kweli. Chukua mfano wa bei za kukadiria: majaribio ya mashamba mengi yanathibitisha pasipo shaka kubwa kwamba dawa mpya huongeza gramu 300 za korosho ghafi kwa mti. Kwa miti 28 ya ekari moja hizo ni kilo 8.4, na kilo moja ikiuzwa mnadani kwa shilingi 2,500, mkulima atapata nyongeza ya shilingi 21,000. Kama dawa hiyo inamzidishia gharama ya shilingi 30,000 kwa ekari ukilinganisha na salfa, basi ameshinda kwenye takwimu na kushindwa mfukoni. Kwa sababu hiyo kikundi kiandike kabla ya kuanza ni nyongeza ya kilo ngapi kwa ekari inayolipa gharama, na tofauti itakayopatikana ilinganishwe na kiasi hicho.

Kuna mtego mwingine ambao haumo ndani ya shamba moja. Vikundi 20 katika wilaya mbalimbali vikijaribu dawa isiyofaa hata kidogo, kila kimoja kwa mpaka wa asilimia 5, uwezekano wa angalau kikundi kimoja kuiona dawa hiyo kuwa bora unaweza kufikia takriban asilimia 64. Kikundi hicho kimoja ndicho kitakachopigwa picha na kusimuliwa kwenye mikutano ya AMCOS (vyama vya msingi vya ushirika wa mazao), na vile 19 havitatajwa. Afisa ugani anayepokea ushuhuda wa namna hiyo aombe matokeo ya vikundi vyote, pamoja na vilivyokata tamaa.

Mtego wa pili ni wa kuijaribia dawa mpya kwenye mikorosho iliyofanya vibaya zaidi mwaka uliopita. Miti hiyo mara nyingi huzaa vizuri zaidi mwaka unaofuata bila msaada wowote, kwa kuwa ilichaguliwa kutokana na mwaka wake mbaya, na dawa hupewa sifa isiyoistahili. Dawa ya mtego huu ni ileile sarafu, ambayo haijui mti upi ulizaa na upi haukuzaa.

Katika kupanga jaribio lenyewe, wengi hukosea kuhesabu. Miti 40 iliyopuliziwa dawa mpya katika kipande kimoja, ikilinganishwa na miti 40 ya kipande cha jirani, haiwi majaribio 40. Ni jaribio moja, kwa kuwa miti yote ya kipande kimoja inashiriki udongo mmoja na upepo mmoja. Salfa ya unga nayo husafiri. Mashine ikipuliza alfajiri, vumbi lake huingia safu ya jirani, na vipande visivyotenganishwa vitapata dawa zote mbili na kutoa mavuno yanayofanana, hata kama dawa zenyewe zina tofauti kubwa. Acha angalau safu mbili za miti katikati ambazo mavuno yake hayatapimwa, na tumia tu viuatilifu vilivyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kifungashio.

Siku ya kuokota, korosho za kila kipande zitenganishwe na mabibo yake, zianikwe kwenye jamvi lake lenye alama, na zipimwe zikiwa zimekauka kwa kiwango kimoja, kwa mzani uleule. Ni vizuri anayesoma mzani asijue jamvi hilo limetoka kwenye dawa ipi, maana mkono wa mwenye matumaini huweza kutikisa namba bila kukusudia. Kilo ziandikwe kwenye daftari papo hapo, zikiwa na tarehe, jina la kipande na tukio lolote lisilo la kawaida, kama moto uliopita au ng'ombe walioingia. Msilikatishe jaribio katikati ya safari kwa sababu dawa mpya imetangulia katika mizunguko ya kwanza ya kuokota. Kila mara mnapochungulia na kutaka kuamua, mnaipa bahati nafasi nyingine ya kuwadanganya.

Kama baada ya msimu mmoja dawa mpya imeshinda mashamba 7 au 8 kati ya 10, jaribio lirudiwe msimu ujao katika mashamba hayohayo, vipande vikibadilishana dawa, na mashamba ya kijiji cha pili yaongezwe. Matokeo ya misimu yote miwili yasomwe pamoja, kwa mpaka ulioandikwa upya kabla mashine ya kwanza haijawashwa.