Unapomchunguza mama, usinyamaze

Wenzangu mnaofanya uchunguzi wa saratani ya mlango wa kizazi kwa siki, kinachomtisha mama kuliko kifaa ni ukimya wetu. Ile dakika moja tunayosubiri baada ya kupaka siki, yeye anatazama dari na kusikia vyuma vikigongana kwenye trei. Ukiguna tu, moyo wake umeshapasuka.

Basi sema naye. Kabla hajapanda kitandani mwoneshe spekulamu, kile kifaa cha kupanulia uke ili mlango wa kizazi uonekane, aishike akitaka. Ipashe kwa maji ya vuguvugu, kisha mguse nayo pajani kwanza: "Mama, ni hiki hapa." Usimwambie "haitauma", maana hujui. Mwambie atakachohisi: "Utasikia kubanwa, halafu siki inaweza kuwasha kidogo. Ukisema nisimame, nasimama." Na usimame kweli, hata kama foleni imefika getini. Ukimdanganya mara moja harudi tena, na jirani yake haji.

Mweleze mapema pia maana ya kusubiri: "Natazama kama kuna sehemu itageuka nyeupe. Hata ikigeuka, mara nyingi si saratani, ni mabadiliko ya mapema yanayotibika."

Neno "jikaze" mimi nimeliacha kabisa. Misuli ikikaza ndipo panapouma! Nasema, "Pumua taratibu mama, legeza magoti."

Majibu mpe akiwa ameshavaa, ameketi, mnatazamana.