Umesomea shahada mtandaoni katika chuo cha nje? Itambulishe TCU kabla tangazo la kazi halijatoka

Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma yana sharti ambalo wengi hulisoma wakiwa wamechelewa: aliyesoma nje ya Tanzania ahakikishe vyeti vyake vimehakikiwa na mamlaka husika. Kwa shahada, mamlaka hiyo ni Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU). Dirisha la maombi huwa wazi kama wiki mbili, na uhakiki hauwezi kutegemea muda huo. Anza leo, hata kama hujaona nafasi inayokufaa.

Kwanza chunguza chuo. Kusoma kwa masafa, yaani ukiwa mbali na chuo kama vile mtandaoni, si kosa: Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa mwaka 1992 kwa kazi hiyohiyo, na wahitimu wake wanatumikia umma. Tatizo ni ithibati. Je, chuo chako kinatambuliwa na serikali ya nchi yake? Na programu yako, iliruhusiwa kufundishwa kwa masafa? Haya ni maswali mawili tofauti, na watu huumia kwa kuuliza la kwanza tu. India, kwa mfano, chuo kinachotambulika bado kinahitaji idhini ya UGC, tume ya nchi hiyo inayosimamia vyuo vikuu, kwa programu za masafa, na udaktari au uhandisi haviruhusiwi kwa njia hiyo. Iandikie mamlaka ya elimu ya juu ya nchi husika, upate jibu la maandishi. Kama hujalipa ada, tafadhali usilipe kabla ya jibu hilo. Maneno "ithibati ya kimataifa" kwenye tovuti ya chuo hayathibitishi chochote.

Kisha kusanya nyaraka: cheti cha shahada, transkripti, na vyeti vilivyokuingiza chuoni, kuanzia kidato cha nne. Aliyesoma sekondari nje apitie Baraza la Mitihani (NECTA) apate ulinganifu wa matokeo. Cheti kilichoandikwa kwa lugha nyingine kinahitaji tafsiri rasmi. Kagua majina herufi kwa herufi. Yakipishana, tengeneza hati ya kiapo kwa wakili mapema.

Maombi yenyewe ni mepesi. Unafungua akaunti kwenye mfumo wa TCU, unajaza taarifa, unapakia nyaraka, unalipia kwa namba ya malipo ya serikali. Ujulishe pia ofisi ya msajili wa chuo chako kwamba uhakiki unakuja, kwa sababu barua isiyojibiwa huko ndiyo inayoweza kukuchelewesha hapa.

Ukipata hati ya utambuzi, ipakie pamoja na vyeti vyako kwenye Ajira Portal, mfumo wa maombi ya kazi wa Sekretarieti ya Ajira, nakala zikiwa zimethibitishwa na wakili. Matokeo ya muda hayapokelewi, kwa hiyo usitume maombi ukiwa na karatasi hiyo pekee. Na kama taaluma yako ina bodi ya usajili, kama uhandisi, hati ya TCU haichukui nafasi ya usajili wa bodi. Fuatilia vyote viwili.