Somo: Kuandaa chavua kwa hadubini ya elektroni

Hamjambo wanasomo. Wengi mliomba tuanze na mimea ya hapa kwetu Nakuru, basi leo tuna mitatu: hibiskasi ya uani, mbelewele za mahindi na mgunga wa njano.

Kwanza, chuma umande ukishakauka, chavulio, yaani vifuko vya chavua ndani ya ua, zikiwa zimepasuka. Weka kwenye bahasha ya karatasi, kamwe si plastiki. Niliwahi kusafiri na mfuko wa plastiki kutoka Njoro. Kesho yake ukungu ulikuwa umeshaila hibiskasi yote.

Pili, kausha. Hapa ndipo penye kazi. Hadubini ya elektroni hutumia miale ya elektroni badala ya mwanga, na ndani yake hewa imefyonzwa, hivyo chavua ya mahindi, yenye maji mengi na ukuta mwembamba, hunywea kama mpira uliotoboka. Ipitishe kwenye alkoholi, kuanzia iliyozimuliwa hadi tupu, kisha ikaushwe mashineni kwa kaboni dioksidi ya majimaji. Usiharakishe hata kidogo.

Tatu, bandika tepe ya kaboni kwenye kijisahani cha alumini, gusisha chavua, kung'uta iliyozidi, halafu ipakwe dhahabu ya unene wa nanomita 10 hadi 20 (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita). Bila dhahabu umeme hujikusanya na picha huharibika kwa mng'ao.

Sasa tazama. Hibiskasi ni tufe la zaidi ya mikromita 100 (sehemu ya kumi ya milimita), limejaa miiba inayonasa kwenye mdudu au ndege. Mahindi hubebwa na upepo, hayana miiba: ni tufe laini lenye tundu moja, ukingo umeinuka kama mdomo wa mtungi, na humo ndimo mrija wa chavua hutokea. Mgunga ndio unaonipendeza kuliko yote: kwa kawaida chembe 16 zimeshikamana, mfano wa vipande vya mpira wa miguu vilivyoshonwa.

MASWALI

*Mwalimu, shuleni tuna hadubini ya kawaida tu. Inatosha?*
Inatosha kuanzia. Miiba ya hibiskasi utaiona kwa ukuzaji wa mara 100.

*Mbona picha mtandaoni zina rangi?*
Zimetiwa baadaye. Elektroni hutoa nyeusi na nyeupe pekee.

*Na ndani ya ukuta tutaonaje?*
Kwa hadubini ya elektroni ya kupenyeza, ambayo elektroni hupita ndani ya sampuli, kwa vipande vyembamba chini ya nanomita 100. Utaona nguzo ndogo ndogo zimebeba paa, zote za sporopolenini, ile kemikali ngumu ya ukuta wa chavua.

*Kwa nini mgunga hufunga chembe pamoja?*
Fungu moja likitua kwenye stigma, yaani ncha ya ua inayopokea chavua, linaweza kutosha ovuli zote (zile zinazokuwa mbegu) za ganda zima.